Harusi ya Mama na Ubwiri Unga

Mama yangu alinitangazia kwamba anaolewa huku ameinama kwenye maua yake ya peoni, makalio juu, anang'oa magugu. Hakuinuka hata kunitazama.

"Liucija, mwanangu, mimi naolewa."

"Na nani?"

"Na Rapolas. Hebu nipe hicho kijembe."

Nikampa kijembe. Ndipo akainuka, uso mwekundu kama bitiruti, akaanza kucheka. Alicheka kama msichana wa shule aliyefumaniwa na barua, akajaribu kujizuia, akashindwa, akakaa kitako kwenye nyasi zenye umande. Mimi ni mtu mzima wa miaka arobaini na minne, nina mume na mabinti wawili wanaosoma mji mkuu, Vilnius, lakini nilijikuta nami niko chini pembeni yake, nacheka mpaka mbavu zinauma, wala sijui tunachocheka ni nini.

Mama anaitwa Domicele. Mwaka ule alikuwa na miaka sitini na tisa. Alikuwa amepeleka barua kijijini kwetu kwa miaka thelathini na moja, kwa baiskeli, mvua au theluji, na hakuna mbwa asiyemjua. Baba alikuwa amefariki miaka kumi na moja kabla. Tangu hapo Mama alibaki na mbuzi wawili, paka mmoja na peoni, nami nikishinda kwake karibu kila siku.

Kwetu kila nyumba ina peoni chini ya dirisha. Wengine wana vichaka vitatu, wengine vitano. Mama alikuwa na vichaka arobaini na vitatu. Cha kwanza bibi yake alikuja nacho siku alipoolewa, kimefungwa kwenye shuka, kabla hata hajabeba mto wake. Ikifika Juni, watu wakienda kanisani hupunguza mwendo mbele ya lango letu. Hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Marehemu Baba aliruhusiwa kuzitazama tu.

Rapolas alikuwa mjane wa miaka sabini na miwili, mkuu mstaafu wa kituo kidogo cha treni, mfugaji wa njiwa, mrefu kama nguzo ya simu. Walikutana kwenye kwaya ya wazee. Mama alisimama mstari wa mbele, Rapolas mstari wa nyuma, naye alikuwa na sauti nzito inayotikisa vioo vya madirisha.

"Alipoanza tu kuimba," Mama aliniambia, "nilisikia uti wa mgongo unatetemeka. Nikadhani ni presha. Nikaenda kupima. Daktari akasema presha iko sawa. Nikajua basi, ni mambo mengine."

Harusi ikapangwa Jumamosi inayofuata Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, katikati ya Agosti. Misa kanisani, chakula bustanini. Nilimkumbusha Mama kwamba Agosti peoni huwa hazina ua hata moja. Akasema anajua, anataka majani. Majani ya peoni yakiwa na afya, alisema, ni mazuri kuliko zulia la rais.

Basi Rapolas akaanza kuja kila siku. Na kwa sababu alikuwa mtu wa vitendo, hakutaka kukaa tu kwenye benchi na kumwagia mchumba wake maneno matamu. Alitaka kusaidia.

Mara ya kwanza alikuja na mzigo wa matete aliyoyakata ziwani. Alikuwa ameona upepo wa Juni unavyoyainamisha maua yale mazito mpaka yanagusa matope. Akachomeka nguzo, akafuma matete, akazungushia bustani pande tatu, mpaka usawa wa kifua.

"Sasa upepo hautakuvunjia hata ua moja, malkia wangu," alisema.

"Ona jinsi anavyofuma," Mama akaninong'oneza.

Mara ya pili akaja na kamba, akavifunga vichaka vyote arobaini na vitatu kiunoni, kwa nguvu, kama mafurushi ya nguo za dobi. Mara ya tatu akaja na toroli la kinyesi cha njiwa. Kesho yake akaja na jingine. Njiwa wake walikuwa themanini, na nadhani hawakufanya kazi nyingine mwaka ule.

Lakini kilichompendeza Mama kuliko vyote kilikuwa mpira wa maji. Jioni, wakitoka kwenye mazoezi ya kwaya, Rapolas alisimama katikati ya bustani kama mzimamoto, akabana mdomo wa mpira kwa kidole gumba, maji yakaruka juu na kuyanyeshea majani yote, naye anaimba. Mama alikaa kwenye benchi, kidevu mkononi.

Nilisema, "Mama, si wewe ndiye uliyenifinya sikio nikiwa na miaka saba, ukasema maji ni asubuhi, tena chini kwenye shina?"

"Nyamaza wewe. Hebu mwone alivyosimama."

Nani angekuwa na moyo wa kusema zaidi? Mama alikuwa amepaka kucha rangi. Alienda dukani kwa baiskeli akiimba. Siku moja alitia chumvi kwenye chai yangu na sukari kwenye viazi, akala viazi vyote asigundue.

Julai ikaisha kwa joto na mvua za hapa na pale. Asubuhi moja Petronele, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, akaegemea lango. Petronele ana mdomo, na anajua kwamba anao.

"Domicele! Umeanza kuoka keki ya harusi huko bustanini?"

"Keki gani?"

"Sijui. Naona unga umemwagika kila mahali."

Mama akatoka na mswaki mdomoni. Mimi nikamfuata. Na kweli, kule kwenye kona ya kisima, majani ya peoni yalikuwa meupe, kama mtu amepita na chekecheke la unga wa ngano. Mama akasugua jani moja kwa kidole gumba. Weupe ukatoka, jani likabaki la kijani.

"Vumbi tu la barabarani," akasema.

"Barabara yetu ina lami," akasema Petronele.

Kutwa nzima Mama alifuta majani kwa kitambaa kibichi. Kesho yake asubuhi weupe ulikuwa umerudi, na ulikuwa umehama kutoka kisimani mpaka katikati ya bustani. Siku ya tatu ulikuwa kila mahali. Majani ya chini yalianza kujikunja na kupata madoa ya kahawia. Mama hakuimba siku ile. Alisimama katikati ya vichaka vyake ameshika kiuno, na nilimwona kwa mara ya kwanza mwaka ule kama mwanamke wa miaka sitini na tisa.

"Wiki tatu," akasema. "Watu themanini wanakuja. Watadhani nimewaalika kwenye kinu cha unga."

Nikachuma majani matatu, nikayatia kwenye mfuko wa plastiki, nikaendesha gari mpaka mjini, kwenye duka la pembejeo. Pale kuna bibi shamba mmoja anaitwa Eugenija, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Alifungua mfuko, akatazama mara moja tu.

"Ubwiri unga. Ni ugonjwa wa ukungu."

"Utaua peoni?"

"Hauui. Unadhalilisha tu. Mizizi yenu iko salama chini huko, imelala. Ila kichaka kinachopoteza majani mapema kila mwaka kitachoka, na maua yatapungua. Sasa niambie. Bustani ina upepo?"

"Ilikuwa nao. Imezungushiwa uzio wa matete."

"Nani aliuzungushia?"

"Mchumba."

"Mchumba wako?"

"Wa mama yangu."

Eugenija akabadilisha miwani. "Vichaka vimeachana vizuri?"

"Vimefungwa kamba kiunoni."

"Nani alivifunga?"

"Mchumba."

"Mbolea?"

"Kinyesi cha njiwa. Matoroli sita, nadhani. Mchumba. Na maji ni jioni, juu ya majani, huku anaimba. Mchumba."

Mabega yakaanza kumtetemeka. Alicheka mpaka mteja aliyekuwa nyuma yangu na mfuko wa mbegu za karoti akaanza kucheka pia.

"Mwambie mama yako," akasema huku anajifuta macho, "kwamba nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita na sijawahi kuona ukungu ukihudumiwa vizuri namna hii. Kutandikiwa kitanda, kulishwa, kunyweshwa, mpaka kuimbiwa!"

Halafu akanieleza kwa utaratibu, nami nikaandika nyuma ya risiti. Ukungu huu unapenda hewa nzito yenye unyevu, iliyosimama mahali pamoja. Unapenda kivuli. Unapenda majani laini yaliyonenepeshwa na mbolea kali. Kwa hiyo uzio utoke, kamba zikatwe, kinyesi kikomeshwe. Majani mabaya zaidi yakatwe na kuchomwa, lakini yasikatwe yote, mmea unahitaji kula. Maji asubuhi, kwenye udongo. Na dawa: maziwa kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji, kupuliziwa asubuhi jua likiwaka, kila wiki. Au salfa, kwa siku za baridi tu, maana kwenye joto kali salfa inaunguza majani.

"Majani yaliyokwisha kuugua hayatapona," akasema. "Mnachozuia ni usiende kwenye mapya. Na yule mchumba mwambieni polepole."

Hapo ndipo tulipoharibu. Nilirudi nyumbani nikamsomea Mama risiti yangu jikoni na kumsimulia maneno ya Eugenija, na tulipofika kwenye "mpaka kuimbiwa" alianza kucheka. Alicheka kwa kufarijika, kwa sababu peoni hazitakufa. Na wakati ule ule Rapolas akaingia uani na toroli la saba.

"Rapolas!" Mama akapiga kelele kutoka dirishani, machozi ya kicheko yanamtoka. "Ni wewe! Ugonjwa wenyewe ni wewe!"

Akamwambia yote, uzio, kamba, njiwa, maji, mbio mbio, huku anacheka. Rapolas hakucheka. Aliweka toroli chini. Alienda bustanini, akashika jani moja, akaligeuza. Akavua kofia.

"Vyote arobaini na vitatu?"

"Vyote, lakini sikiliza..."

"Na kile cha bibi yako?"

"Nacho, lakini Rapolas..."

Akavaa kofia, akatoka langoni, akaacha toroli likinuka pale pale.

Jioni ile hakuja kwenye kwaya. Simu hakupokea. Kesho yake vile vile, na kesho kutwa. Mama alizunguka nyumbani kama nyuki aliyepoteza mzinga. Hakukata jani hata moja. Petronele alipita akaanza, "Domicele, nasikia bwana harusi ame..." halafu akauona uso wa Mama, akasema anawahi dukani, ingawa alikuwa anatoka huko.

Siku ya nne, baada ya kukamua mbuzi, Mama akavua aproni.

"Toa baiskeli yako," akaniambia.

Nyumba ya Rapolas iko kando ya reli, kilomita nne. Mama aliendesha mbele yangu, amejiinamia kwenye usukani kama anawahisha telegramu. Tulipofika, mlango ulikuwa wazi, jiko lilikuwa baridi, mtu hayupo. Njiwa tu walikuwa wanaguna juu ya banda lao, ambalo Rapolas alilijenga juu ya nguzo nne, refu kama ghorofa. Ngazi ilikuwa imevutwa juu.

"Rapolas! Najua uko huko!"

Njiwa tu wakaguna.

"Naiona kofia yako!"

"Nenda nyumbani, Domicele," sauti nzito ikasema kutoka juu. "Umekosea mtu. Nimekuharibia maua ya miaka mia moja kwa wiki nane. Mtu kama mimi si wa kuolewa naye."

"Hujaharibu kitu! Ni ukungu tu! Hata mimi nina ukungu kwenye ukucha wa mguu na bado unanioa!"

Halafu, polepole: "Ukucha upi?"

"Shuka nikuonyeshe!"

Nilijificha nyuma ya pipa la maji nikiwa nimeuma kola ya shati langu. Lakini Rapolas hakushuka. Tuliisikia sauti yake tena, ndogo safari hii.

"Nilitaka kukufanyia kitu kizuri. Sijui maua. Najua treni. Treni haiugui ukimwagia maji jioni."

Mama akaacha kupiga kelele. Akasogea mpaka chini ya nguzo, akaweka mkono kwenye mbao.

"Sikiliza, Rapolas. Mimi najua maua. Tangu nina miaka kumi najua kwamba peoni zinataka upepo. Nilikuona unazungusha uzio, nikajua ni kosa. Nilikuona unafunga kamba, nikajua. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa naitazama mikono yako. Miaka kumi na moja hakuna mtu aliyenifanyia kazi pale uani, nami nilitaka uendelee tu, uendelee, hata ungenimwagia lami. Kwa hiyo kosa ni langu, na kama kuna mtu wa kujificha kwa njiwa ni mimi. Ama ushuke wewe, ama nipande mimi, nami nina goti bovu."

Kisha ngazi ikaanza kushuka, kidogo kidogo, halafu ikamponyoka ikapiga chini kwa kishindo, njiwa wote themanini wakaruka mara moja, manyoya yakajaa hewani, na kutoka katikati ya manyoya ikatokea miguu mirefu ya Rapolas ikitafuta daraja la kwanza. Mama alikuwa ameshaanza kupanda. Walikutana katikati ya ngazi, goti bovu na yote. Mimi nikaona ni vizuri nikatazame reli.

Tulirudi sote watatu kwa baiskeli. Kwenye mteremko wa kanisani Mama aliachia usukani mikono yote miwili, akainua mikono juu akipiga mayowe, na padri aliyekuwa anakata majani nje alifanya ishara ya msalaba.

Kazi ilianza kesho yake alfajiri. Rapolas mwenyewe aling'oa matete yake. Alipoondoa upande wa mwisho, ule wa magharibi, upepo uliingia bustanini na vichaka vyote vikatikisika kwa pamoja. Mama alikata kamba moja moja, na kila kichaka kilipofunguka ilitoka harufu ya uvundo, kama kabati la nguo za baridi. Mimi nilikata majani mabaya na matawi yaliyosongamana katikati. Kila tulipomaliza kichaka tulichovya mkasi kwenye pombe kali ili tusihamishe ugonjwa, na Rapolas akawa mlinzi wa chupa, mpaka Mama alipoona chupa inapungua haraka kuliko mkasi unavyochovywa.

Saa tatu Petronele akavuka barabara akiwa amebeba mgongoni bomba la kupulizia dawa la marehemu mumewe.

"Nini?" akasema, maana tulikuwa tunamkodolea macho. "Mimi si adui yenu. Mimi ni jirani mwenye mdomo tu."

Petronele na Mama wakagawana bustani. Vichaka karibu na meza za harusi vilipata maziwa ya mbuzi, kwa sababu wageni wangekula pale. Kwa vile vya nyuma Petronele alisubiri asubuhi ya mawingu na baridi, akafunga kitambaa puani, akavipulizia salfa. Hapo hapo likawa shindano. Kila siku wawili hao walikagua majani mapya, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba upande wake unaongoza.

Kitu ambacho Eugenija hakutuambia ni paka. Asubuhi ya kwanza ya maziwa alikuja paka wetu, akalamba jani moja, akaketi kutafakari, akalamba la pili. Kesho yake walikuwa wanne. Wiki ya pili nilihesabu kumi na mmoja, na wengine sikuwahi kuwaona kijijini. Rapolas alipewa kazi ya kuwafukuza. Aliwafukuza kwa filimbi yake ya kituo, na kila alipopuliza, mzee Zigmas wa nyumba ya tatu, aliyefanya kazi relini maisha yake yote, alitoka nje na kutazama saa yake.

Siku ya harusi ilipofika, sitadanganya, bustani haikuwa zulia la rais. Vichaka vilikuwa vimepungua majani nusu, na majani ya zamani yalibaki na madoa yake. Vilionekana kama kuku wanaobadilisha manyoya. Lakini weupe ulikuwa umesimama. Juu ya kila kichaka kulikuwa na majani mapya, ya kijani kibichi yanayong'aa, safi. Mama alitembea kati ya vichaka asubuhi ile na gauni lake la buluu, anayagusa kwa ncha za vidole.

"Yanapumua," akasema. "Liucija, ona, yanapumua."

Petronele alikuwa amekata maua yake ya dalia yote kumfanyia Mama shada. Dalia hizo hajawahi kumkatia mtu, hata mumewe kwenye mazishi alimwekea maua ya dukani. Alimpa Mama mikononi akasema, "Usiseme kitu, nitalia, nimejipaka wanja." Halafu akakimbilia barabarani na wenzake kufunga njia kwa kamba, kama ilivyo desturi yetu, na maharusi walipotoka kanisani alikataa kuifungua mpaka bwana harusi ajibu maswali matatu.

"Peoni hunyweshwa saa ngapi?"

"Asubuhi!" akajibu Rapolas, amesimama wima kama anapokea treni.

"Wapi?"

"Kwenye udongo!"

"Na njiwa?"

"Wabaki kwao!"

Kamba ikashuka, watu wakapiga vigelegele, peremende zikarushwa. Mimi niliwapokea langoni na mkate na chumvi, badala ya wazazi wao ambao wote wameshatangulia. Niliwakumbatia bila kuweka sinia chini, chumvi ikamwagika. Wageni walikula supu baridi ya bitiruti, nguruwe wa kukaanga, uyoga, viazi vya aina nne. Walicheza kati ya vichaka, kwenye nafasi tulizozifungua, na Rapolas alipoimba, vikombe vililia kwenye visahani na mbuzi wakajibu kutoka zizini.

Mwisho wa Septemba tulikata peoni zote mpaka chini, tukakusanya kila jani lililoanguka, tukalichoma lote, hata moja halikwenda kwenye lundo la mboji. Vichaka saba vilivyokuwa vimebanana tulivichimba, tukavigawa, tukavipanda upya mbali mbali, macho ya mizizi yakiwa vidole viwili tu chini ya udongo. Rapolas alipima kila shimo kwa rula. Kipande kimoja, cha kile kichaka cha bibi, Mama alikivusha barabara na kukipanda chini ya dirisha la Petronele, bila kuombwa.

Aprili ndimi nyekundu za machipukizi zikatoka ardhini. Safari hii hatukungoja weupe. Majani yalipofunguka tu tukaanza maziwa, kila wiki, filimbi na paka na yote. Juni yalichanua maua mengi kuliko nilivyowahi kuona, au labda niliyatazama zaidi. Mama alikata mashada kwa mashada, akasimama langoni akimgawia kila anayepita: watoto wa shule, dereva wa lori la maziwa, padri. Polisi wawili walisimamisha gari kumuuliza kama amemwona ng'ombe aliyepotea. Hakumwona ng'ombe, lakini waliondoka na peoni kwenye kiti chote cha nyuma, na mmoja ameziweka kwenye kofia.

Ilipofika Julai, mchana mmoja tukiwa mezani, Rapolas aliingia mbio na kioo cha kukuzia mkononi, hana pumzi.

"Domicele! Kona ya kisima! Meupe!"

Mama hakuweka kijiko chini. "Mangapi?"

"Majani matatu!"

"Basi yachume, uyachome, unawe mikono, uje ule. Supu ni baridi tangu mwanzo, haitapoa."

Akatoka mbio. Tulimsikia akipiga filimbi, sijui kuwafukuza paka au kwa furaha tu. Mama akanitazama juu ya bakuli, akaanza kutetemeka mabega, nami nikaweka kijiko changu chini kabla sijapaliwa. Majani matatu. Hayo ndiyo yote tuliyoyapata mwaka ule.